Maswali ya Wasomaji: AdBlue Hudumu Umbali Gani, na Ihifadhiwe Vipi?

Safu ya toleo hili tumeiachia AdBlue peke yake, yaani kile kimiminika kisicho na rangi ambacho magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni hukihitaji mbali na mafuta yenyewe. Kwa msomaji ambaye bado hajakutana nacho, huu ni mchanganyiko wa urea safi, asilimia 32.5, na maji yaliyoondolewa madini, asilimia 67.5. Hukaa katika tangi lake, hunyunyizwa ndani ya ekzosi, na joto la moshi hukigeuza kuwa amonia. Amonia hiyo ikifika kwenye kichocheo, yaani kifaa cha ndani ya ekzosi kinachosafisha moshi, hubadilisha oksidi za nitrojeni, ambazo huumiza mapafu, zikawa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. AdBlue ni jina la kibiashara linalomilikiwa na chama cha watengenezaji magari wa Ujerumani, VDA. Marekani na Kanada huuzwa kwa herufi DEF, na Brazili kwa jina la ARLA 32, lakini kiwango cha ubora kinachofuatwa ni kimoja, ISO 22241.

Ndugu Mhariri, nimeagiza Prado ya dizeli kutoka Japani na haina muda mrefu tangu itoke bandarini. Sasa kwenye dashibodi kuna taa ya njano na maandishi ya Kijapani. Fundi mmoja ameniambia ni AdBlue inakwisha na gari litakataa kuwaka. Mwingine ameniambia nipuuze, kwa kuwa Prado za huku hazitumii kitu hicho. Nimwamini yupi? Na tangi likijaa litanifikisha umbali gani?
— Msomaji wa Nyali, Mombasa

Mwamini wa kwanza, ingawa wa pili naye amesema jambo analolijua. Prado za dizeli zilizouzwa mpya katika masoko ya Afrika kwa kawaida hazikuwekewa mfumo huu, na mafundi wengi wamezizoea hizo. Prado ya dizeli ya lita 2.8 iliyouzwa ndani ya Japani tangu Juni 2015 inao. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, Prado ya dizeli inayotoka Japani leo na kushushwa Mombasa ni ya kundi hilo. Kuhakikisha ni rahisi: tafuta kifuniko cha buluu chenye neno AdBlue au herufi DEF. Katika magari mengine kiko kando ya mdomo wa dizeli, katika mengine chini ya boneti, na katika machache kimefichwa kwenye buti chini ya zulia. Maandishi ya kwenye dashibodi yapige picha kwa simu uyatafsiri kwa programu ya tafsiri. Usikisie maana ya onyo ambalo gari limejitahidi kukueleza.

Kuhusu umbali, gari dogo hadi la wastani hutumia takriban lita 1 hadi 2 za AdBlue kwa kila kilomita 1,000, na gari zito lenye magurudumu manne ya kuvuta huelekea upande wa juu wa kiasi hicho au hukipita kidogo. Matangi ya magari ya abiria mengi huchukua kati ya lita 10 na 24. Kwa hiyo tangi la lita 15 katika gari linalotumia lita 1.5 litakupa kilomita 10,000, ambazo kwa watu wengi ni kati ya huduma moja ya gereji na nyingine. Lakini mimi nakushauri usiishike hesabu hiyo ya jumla. Kiasi kinachonyunyizwa hufuata dizeli inayochomwa na kazi anayopewa injini, si kilomita peke yake. Safari ya Mombasa kwenda Nairobi, ambako unapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi ukiwa na abiria na mizigo, hula AdBlue kuliko safari ya kurudi iliyo na kilomita zilezile. Andika kilomita siku unapojaza, andika tena unapojaza mara ya pili, na utakuwa na kipimo cha gari lako mwenyewe.

Onyo nalo lina utaratibu wake. Katika magari yaliyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya za moshi wa magari, Euro 6, dereva lazima aanze kuonywa pale AdBlue iliyobaki inapotosha angalau kilomita 2,400, kisha onyo huongezeka ukali kadiri umbali unavyopungua. Magari ya soko la Japani yamepangiwa vipimo vyao, kwa hiyo usidhani unazo kilomita hizo zote. Likifika mwisho, injini haitazimika ukiwa barabarani. Itakataa kuwaka tena baada ya wewe kuizima. Hilo ndilo linalowatega watu: gari limefika salama hadi sokoni, mwenyewe amefunga mlango, akirudi halimsikii.

Namba ya kilomita zilizobaki isikutie wasiwasi ikirukaruka. Kompyuta hukisia kwa kutazama matumizi ya siku za karibuni, na ukitoka kwenye foleni za mjini kwenda barabara kuu makisio hubadilika. Ukijaza kidogo, lita 1 au 2, magari mengi hayatambui. Yanataka lita 5 au zaidi ndipo sensa ya kina isome upya. Baada ya kujaza, washa swichi bila kuwasha injini, subiri dakika moja hivi, kisha uendeshe. Onyo likikataa kuondoka hata baada ya kilomita kadhaa, tatizo limehama kutoka kwenye wingi kwenda kwenye ubora au sensa. Katika gari kama lako hili ni jambo la kuchunguzwa mapema: limekaa uani Japani, likakaa melini, likakaa bandarini kwenye jua, na kilichomo tangini huenda kilikwisha kuharibika kabla hujalipokea. Mwombe fundi akitoe chote, tangi lisuuzwe, ndipo ujaze kipya.

Ninauza vipuri Dar es Salaam na nimeanza kuuza AdBlue. Nimenunua madumu mengi kwa bei nzuri, nimeyapanga nyuma ya duka chini ya bati. Wateja wawili wamerudi wakilalamika kwamba yananuka. Je, kitu hiki kinaoza?
— Mfanyabiashara wa Kariakoo

Hakiozi kama chakula, lakini joto hukivunja, na chini ya bati la Dar es Salaam kinavunjika haraka. Urea iliyomo ndani ya maji hugeuka taratibu kuwa amonia, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mwendo unavyoongezeka. Hiyo ndiyo harufu waliyoisikia wateja wako walipofungua kifuniko. Harufu hafifu inaweza kusikika hata katika AdBlue nzuri, ila ikikuchoma pua na macho, dumu hilo limekwisha kupata joto jingi.

Kiwango cha ISO kinatoa mwongozo wa muda ambao ningependa kila muuzaji aubandike ukutani. AdBlue iliyohifadhiwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 10 za Selsiasi hudumu miezi 36. Kwa nyuzi 25 hudumu miezi 18. Kwa nyuzi 30 ni miezi 12, na kwa nyuzi 35 ni miezi 6 tu. Joto likizidi hapo, hakuna muda unaoweza kutajwa; kila shehena hupaswa kupimwa kabla ya kutumiwa. Muda huo, nakuomba uzingatie, huhesabiwa tangu siku ya kutengenezwa, si tangu siku uliyonunua wewe. Dumu lililosafiri kwa meli ndani ya kontena lililopigwa na jua limekwisha kula sehemu ya uhai wake kabla ya kufika Kariakoo. Ndiyo sababu bei nzuri mno inapaswa kukufanya ugeuze dumu na kutafuta tarehe na namba ya shehena. Dumu lisilo na tarehe, lisilotaja ISO 22241 na lisilo na lakiri chini ya kifuniko, mimi nisingelinunua kwa bei yoyote.

Dar es Salaam katika miezi ya joto hufikisha nyuzi 31 au 32 kivulini. Chumba chenye dari, chenye hewa inayopita na kisichopigwa na jua la alasiri, kinaweza kubaki karibu na nyuzi 30, na hapo unapata karibu mwaka mmoja. Chini ya bati tupu joto la mchana hupita 40 bila shida, na huo mwaka unabaki kuwa miezi michache. Yaondoe madumu hapo leo. Yaweke juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta unaopokea jua, la zamani likiwa mbele ili litoke kwanza, na nunua kiasi unachoweza kukiuza ndani ya miezi mitatu. Kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai, ambako kiangazi hupita nyuzi 40 hata kivulini, chumba chenye kiyoyozi si anasa kwa bidhaa hii.

Vyombo navyo vina masharti. AdBlue hukubaliana na plastiki ngumu ya polithini, aina ileile ya dumu inalouziwa, na chuma cha pua. Shaba, shaba nyeupe, zinki, mabati na chuma cha kawaida huliwa nayo, na kinacholiwa huingia ndani ya kimiminika. Usiimimine kwenye pipa la chuma, usitumie pampu yenye viungo vya shaba, na usitumie faneli ya bati.

Nieleze kwa hesabu kwa nini ninasisitiza usafi kuliko jambo jingine lolote. Kiwango kinaruhusu miligramu 0.5 tu za kalisi kwa kila kilo ya AdBlue. Dumu la lita 10 lina uzito wa kilo 10.9, kwa hiyo kalisi inayoruhusiwa ndani yake yote ni miligramu 5 na nusu hivi. Maji magumu ya kisima huweza kuwa na miligramu 80 za kalisi kwa lita, au zaidi. Nusu glasi ya maji hayo, yaani mililita 100, ina miligramu 8. Maana yake ni kwamba mtu aliyesuuza dumu kwa maji ya kisima na kuacha nusu glasi chini, kisha akajaza AdBlue bora kabisa, amekwisha kuitoa nje ya kiwango bila kuona tofauti yoyote kwa macho. Vumbi nalo lina kikomo: miligramu 20 za vitu visivyoyeyuka kwa kilo, ambazo katika lita 10 hazifiki hata ncha ya kijiko cha chai. Ukitaka kusuuza chombo, kisuuze kwa AdBlue yenyewe na uimwage hiyo ya kusuuzia.

Jambo la mwisho kwa muuzaji: usiwapimie wateja kwenye chupa za maji ya kunywa. Kimiminika hiki hakina rangi, na katika nyumba yenye watoto chupa hiyo itadhaniwa kuwa maji.

Kijijini kwetu mbolea ya urea ipo tele na maji yaliyochemshwa yapo. Kuna kijana anachanganya na kuuza kwa nusu ya bei ya dukani. Urea si urea?
— Mkulima wa Njombe

Swali hili linaulizwa sana, na mwulizaji ana haki ya kujibiwa kwa sababu, si kwa kukatazwa tu. Molekuli ya urea ni ileile. Kinachotofautiana ni kile kinachoandamana nayo. Mbolea hutengenezwa ili ilishe mahindi, na mahindi hayadhuriki na kiasi kidogo cha biureti (uchafu unaojitokeza urea inapotengenezwa), wala na dawa ya jamii ya formaldehaidi ambayo chembe za mbolea huwekewa ili zisigandamane gunia likikaa. AdBlue inaruhusiwa biureti isiyozidi asilimia 0.3, na mbolea nyingi huwa na kiasi kinachozidi hapo mara mbili au tatu. Ukiongeza maji ya kuchemsha hali haibadiliki, kwa sababu kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini. Kwa kweli maji yakipungua kwa mvuke, madini yaliyobaki huwa mazito zaidi.

Uchafu huo hufika mahali pawili. Kwanza hukwama kwenye injekta ya ekzosi, ambayo tundu zake ni nyembamba mno, ukajijenga ukoko mweupe mgumu unaopotosha unyunyizaji. Pili hufika kwenye kichocheo, ambako sodiamu, potasiamu na fosfeti hufunika sehemu zinazofanya kazi, na kichocheo kilichofunikwa hivyo hakisafishiki kirahisi gereji. Kijana huyo anaweza hata kukuonyesha kipimo cha kuona kwa mwanga, kile cha kudondoshea tone moja juu ya kioo, kikasoma asilimia 32.5 sawasawa, naye asiwe amedanganya. Kipimo hicho hupima wingi wa kilichoyeyuka, usafi hakiuoni. Bei ya kichocheo kipya pamoja na injekta ni kubwa kuliko AdBlue utakayoitumia kwa miaka mingi ya kumiliki gari, na kwa sababu hiyo sioni akiba yoyote katika nusu ya bei.

Ninaishi Edmonton, Kanada, na nimenunua pikapu ya dizeli. Baridi ya hapa hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Nimesoma kwamba DEF huganda. Je, gari litawaka? Na lile dumu la akiba nililoliacha gereji limeharibika?
— Msomaji wa Edmonton

Litawaka. DEF huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, na watengenezaji walilijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo tangi lina kipasha joto kinachotumia umeme au maji ya moto ya injini. Injini huwaka na kutembea kama kawaida wakati kimiminika kinayeyuka, na mfumo hauhesabu muda huo kuwa kosa. Ukizima injini, mifumo mingi hukivuta kirudi tangini ili kisigande ndani ya mirija. Kwa hiyo usikate betri mara tu baada ya kuzima.

Dumu la akiba nalo halijaharibika. Kugandishwa na kuyeyushwa hakubadilishi uwiano wa urea na maji, mradi liwe limeyeyuka lote kabla hujalimimina. Hatari iko kwenye chombo: likiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 7 hivi, na tangi lililojazwa hadi mdomoni halina pa kupanukia. Acha nafasi. Usiongeze dawa ya kuzuia kuganda wala maji moto. Kwa upande wa kuhifadhi, ndugu yangu, hali yako ni bora kuliko ya wenzako wa pwani, kwani gereji yenye baridi ya wastani ndiyo inayoipa DEF ile miezi 36.

Tuna malori mawili ya kutoka Ulaya yanayokwenda Tunduma kutoka Dar es Salaam. Dereva abebe kiasi gani? Na je, naweza kufunga kifaa cha kuudanganya mfumo ili nisinunue AdBlue kabisa?
— Mwenye malori, Temeke

Kwa lori hesabu hufuata dizeli: AdBlue ni kati ya asilimia 4 na 6 ya mafuta kwa malori mengi ya Euro 5. Lori lenye mzigo linalotumia lita 45 kwa kilomita 100, kwa njia ya kilomita 930 hivi, litachoma lita zipatazo 420 za dizeli, na kwa asilimia 5 litahitaji lita 21 za AdBlue kwenda peke yake. Mlima Kitonga huongeza. Tangi lililojaa kwa kawaida linatosha kwenda na kurudi, na dumu moja la lita 20 lililofungwa, likiwa mahali penye kivuli na si juu ya kabini, ni akiba ya kutosha. Kuhusu swali lako la kufunga kifaa cha kuudanganya mfumo ili usinunue AdBlue kabisa, sitakusaidia hapo. Moshi huo anaupumua dereva wako anayelala chini ya lori Makambako, na wanaupumua watu wa kila mji unaopita.

Mwanangu amemimina AdBlue kwenye tangi la dizeli. Gari halijawashwa. Tufanye nini?
— Mama wa Moshi

Mama, msiliwashe, na msifungue hata swichi, kwa sababu katika magari mengi pampu ya mafuta huanza kusukuma kabla injini haijazunguka. AdBlue ni nzito kuliko dizeli, kwa hiyo imeshuka chini ya tangi, palepale ambapo pampu huvuta. Ikiwa haijavutwa, kazi ni ya kuondoa mafuta yote, kushusha tangi na kulisuuza, na gharama yake inavumilika. Ikiwa imevutwa, hufika kwenye pampu ya msukumo mkubwa na injekta, huunguza vyuma vyake na kuacha chembe za urea. Livuteni hadi gereji kwa lori la kuvutia magari au mwiteni fundi hapo lilipo, na mwelezeni wazi kilichotokea pamoja na kiasi kilichomwagwa. Kosa la kinyume chake, dizeli kwenye tangi la AdBlue, lina sharti lilelile la kutowasha: dizeli huelea juu, na kiasi kidogo tu huharibu mipira na sensa za mfumo huo. Matone yaliyomwagikia rangi ya gari yaosheni sasa hivi kwa maji mengi ya uvuguvugu, kwani yakikauka yataacha chembe nyeupe na huweza kuchubua rangi na kula chuma kilicho wazi.